Neno "Safari" Katika Fukwe za California: Historia Fupi ya Kundi la The Surfaris na Mafunzo Yake kwa Isimu ya Kiswahili

1. Utangulizi



Naomba nianze na kisa kidogo. Katika miaka ya themanini, nilipokuwa ughaibuni nikisomea shahada ya uzamivu, familia moja ilinialika chakula cha jioni. Katika mazungumzo, mama wa nyumba ile aliniuliza kwa upole mkubwa: "Kwa lugha yenu, safari mnaiitaje?" Nikamjibu: "Safari." Akatabasamu, akalirudia swali lake taratibu zaidi, akidhani sikumwelewa. Nami nikalirudia jibu langu taratibu zaidi. Tulikwenda hivyo mara tatu, hadi mumewe alipong'amua jambo na kuangua kicheko. Kwa mama yule, safari lilikuwa neno la Kiingereza lenye maana ya kwenda Afrika kutazama simba. Hakuwahi kufikiri kwamba watu wa huko wanaweza kuwa nalo, tena wakalitumia kwa kwenda sokoni Kariakoo.

Jioni ileile, kijana wa nyumba hiyo, aliyekuwa akijifunza kupiga ngoma, aliniwekea santuri kuukuu ya baba yake. Ulikuwa muziki wa gitaa za umeme na ngoma za kasi, usio na maneno ila mawili tu mwanzoni, tena yakitanguliwa na kicheko cha kichaa. Wimbo uliitwa "Wipe Out". Juu ya jalada palikuwa na jina la kundi: The Surfaris. Nakiri kwamba nililitazama jina lile kwa muda mrefu kuliko nilivyousikiliza muziki wenyewe.

Mhadhara huu ni tunda la kulitazama jina hilo. Katika masomo ya Kiswahili tumezoea kuisimulia habari ya ukopaji kama habari ya deni: tumechukua meza na leso kwa Wareno, serikali kwa Waajemi, gari kwa Wahindi, shule kwa Wajerumani, basi kwa Waingereza, na kwa Waarabu tumechukua mengi kupita wengine wote. Ni nadra kuuliza upande wa pili: neno linapoondoka kwetu, huchukua nini, huacha nini, na likirudi hutuletea nini? Nitajaribu kulijibu swali hilo kwa kulifuata neno moja hadi mahali ambapo wengi wetu hatukutarajia kulikuta, yaani katika jina la kundi la vijana wa Kimarekani ambalo, katika umbo lake la awali, halikudumu hata miaka mitano.

2. Vijana wa Glendora

Kwanza tulifahamu kundi lenyewe. The Surfaris lilianzishwa mwaka 1962 katika mji wa Glendora, jimbo la California, nchini Marekani. Waasisi wake walikuwa Ron Wilson aliyepiga ngoma na kuimba, Jim Fuller na Bob Berryhill waliopiga gitaa, na Pat Connolly aliyepiga gitaa la besi. Baadaye aliungana nao Jim Pash, mpiga saksafoni. Walikuwa wanafunzi wa shule ya sekondari, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 15 hivi.

Wakati huo kusini mwa California palikuwa pamezuka muziki wa roki uliofungamana na mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Sehemu kubwa ya muziki huo haikuwa na maneno. Gitaa ndiyo iliyoimba, ikitiwa mwangwi mzito uliokusudiwa kumkumbusha msikilizaji mngurumo wa maji yanayojikunja na kupasuka. Makundi ya namna hiyo yalichipuka kwa makumi, yakapiga katika kumbi za dansi na za shule, na mengi yakafa kabla wenyewe hawajamaliza masomo.

Mwanzoni mwa mwaka 1963 vijana wa Glendora walikwenda kurekodi katika studio ndogo iliyoitwa Pal, mjini Cucamonga. Wimbo waliokusudia kuutoa ulikuwa "Surfer Joe", ulioandikwa na kuimbwa na Wilson. Lakini santuri ina pande mbili, na upande wa pili ulihitaji kitu cha kuujaza. Hapo hapo studioni wakabuni "Wipe Out". Maana ya jina hilo katika msamiati wa watelezaji ni kubwagwa na wimbi kutoka juu ya ubao. Ili kupata sauti ya ubao unaovunjika, walivunja kipande cha ubao karibu na kipaza sauti. Kicheko cha mwanzo na yale maneno mawili vilitolewa na meneja wao, Dale Smallin. Baada ya hapo ni gitaa na ngoma zikipokezana. Mdundo wa Wilson ulitokana na midundo ya bendi ya gwaride ya shule yake, ukaongezwa kasi.

Santuri ilitolewa kwanza na kampuni ndogo, kisha ikachukuliwa na kampuni kubwa zaidi ya Dot. Kilichotokea kinajulikana na kila mfuatiliaji wa muziki ule: upande wa kujazia uliushinda upande uliokusudiwa. Katika kiangazi cha mwaka 1963 "Wipe Out" ilipanda hadi nafasi ya pili katika orodha ya Marekani ya gazeti la Billboard. Kilichoizuia kufika kileleni ni wimbo wa mtoto wa miaka 13 aliyeitwa Stevie Wonder.

Mafanikio hayo hayakurudiwa. Kundi lilihamia kampuni ya Decca na kutoa albamu kadhaa kati ya mwaka 1963 na 1965. Lakini mwezi Februari 1964 The Beatles walitua Marekani, na masikio ya vijana yakageukia kwingine. Albamu ya mwaka 1965 ilibeba jina la wimbo wa Bob Dylan, ishara kwamba wateleza mawimbi walikuwa wakitafuta nchi kavu. Kufikia mwaka 1966 kundi la awali lilikuwa limesambaratika. Mwaka huohuo "Wipe Out" ilirudi katika orodha ya Billboard na kufika nafasi ya 16. Wimbo ulifufuka wakati kundi linazikwa.

Wilson alifariki mwaka 1989, Pash mwaka 2005, na Fuller mwaka 2017. Berryhill aliendelea kwa miaka mingi kulibeba jina la kundi jukwaani pamoja na familia yake. Na ulimwenguni kote, mtoto anayejifunza ngoma za Kizungu bado hukutana na mdundo ule mapema, mara nyingi bila kujua majina ya walioubuni.

3. Umbo la jina

Sasa tuligeukie jina. Surfari ni zao la maneno mawili: neno la Kiingereza surf, lenye maana ya mawimbi yanayovunjika karibu na ufukwe, na neno safari. Mbinu iliyotumika ndiyo tunayoiita uhulutishaji. Katika Kiswahili tunayo mifano inayofahamika: chakula cha jioni kimetupa chajio, na hati ya kukataza imetupa hataza. Hata hivyo, kuna tofauti inayostahili kutajwa. Katika chajio tumekata vipande viwili na kuviweka sambamba. Katika Surfari vipande vimelaliana: sauti f ni mwisho wa neno la kwanza na papo hapo ni mwanzo wa silabi ya kati ya neno la pili. Kwa matamshi ya Kimarekani, kinachobadilika ni irabu ya silabi ya kwanza tu. Silabi mbili zinazofuata, -fari, zimebaki zilivyo.

Mambo matatu yanaonesha kwamba Kiingereza kililipokea neno hili kutoka Kiswahili, si moja kwa moja kutoka Kiarabu.

La kwanza ni irabu ya mwisho. Kiarabu kina safar, neno linaloishia kwa konsonanti. Kiswahili, ambacho hupenda silabi wazi, hulitilia irabu, na baada ya sauti r irabu hiyo kwa kawaida huwa i. Ndivyo tulivyopata habari, hatari, bahari na kaburi. Baada ya sauti ya midomo mara nyingi hupatikana u, kama katika kitabu na hesabu. Kwa hiyo i ya mwisho katika safari ni alama ya kidole ya Mswahili. Alama hiyo imo katika jina la kundi la Glendora.

La pili ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na Kiingereza kimeuacha hapo hapo, ingawa sheria zake za mkazo ni nyingine kabisa.

La tatu si la kiisimu bali la kihistoria, na nitalieleza katika sehemu inayofuata.

Kabla ya hapo, tutazame kiambishi -s. Safari ni nomino ya ngeli ya 9/10, ambayo umbo lake halibadiliki katika wingi. Idadi huonekana katika upatanisho: safari yangu, safari zangu. Kiingereza hakina upatanisho wa namna hiyo, hivyo hakina budi kuubandika wingi juu ya nomino yenyewe. Aidha, kiambishi hicho kimefanya kazi ya ziada. Kimegeuza tukio kuwa watu. Sisi tungehitaji kubadili ngeli: safari, kisha msafiri na wasafiri. Wao wameongeza sauti moja tu, na mwendo ukawa wanaume watano wenye gitaa, ngoma na saksafoni.

4. Njia ya maana

Ikiwa umbo limehifadhiwa vizuri kiasi hicho, maana je?

Kiswahili hakikulipokea neno safar na kulikalia kimya. Kimelifanyia kazi. Pamoja na kitenzi kusafiri, kimelizungushia ukoo mzima: msafiri, msafara, usafiri, kusafirisha, usafirishaji. Kimeliingiza katika tasfida, kwani marehemu huambiwa amekwenda safari yake ya mwisho. Tena kimelipa maana ambayo, kwa kadiri ya maandishi ya Kiingereza, haikuvuka bahari, yaani "mara" au "zamu". Mtu anaposema "safari hii hatukubali", huenda hajainuka kitini. Mwenye kuifahamu lugha huona mantiki yake: kila mara ni mwendo, una kwenda na kurudi. Huu ni ushahidi kwamba neno la mkopo likikaa nyumbani kwa muda mrefu huzaa watoto wasiofanana na babu.

Kiingereza kililikuta neno hili katika misafara ya karne ya 19 kati ya pwani na maziwa makuu. Msafiri Richard Burton, aliyeondoka pwani yetu mwaka 1857 pamoja na John Speke na kufika Ujiji mwaka 1858, alilitumia katika maandishi yake kuhusu safari hiyo, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1860. Hakulichuma kamusini. Alilichuma njiani, katika vinywa vya wapagazi na viongozi wa misafara, watu kama Sidi Mubarak Bombay, ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kazi. Huo ndio ushahidi wa tatu niliouahidi.

Ugenini maana ikaanza kufinyika. Kutoka mwendo wowote, ikawa msafara wa bara la Afrika. Kutoka msafara, ikawa uwindaji. Theodore Roosevelt, baada ya kumaliza urais wa Marekani, alishuka Mombasa mwaka 1909, na hadi alipomaliza msafara wake mwaka 1910 yeye na mwanawe walikuwa wamewaua wanyama 512 kwa hesabu yake mwenyewe. Kitabu chake cha mwaka 1910 kilisomwa sana, na picha ya mzungu mwenye kofia pana, bunduki na mstari wa wapagazi ikashikamana na neno. Sinema za Kimarekani zikaikoleza. Mwaka 1962, miezi michache tu baada ya uhuru wa Tanganyika, ilitoka filamu ya John Wayne iliyopigwa katika mbuga zetu za kaskazini, na jina lake pia lilikuwa neno la Kiswahili lenye i mwishoni: "Hatari!"

Wateleza mawimbi wa California walilikuta neno katika hali hiyo. Wao walikuwa na desturi ya kufunga mbao zao juu ya gari na kuifuata pwani maili kwa maili, wakitafuta mahali ambapo mawimbi ni mazuri siku hiyo. Mwendo huo waliuita kwa jina la mwindaji. Mwaka 1959 John Severson alitoa filamu aliyoiita "Surf Safari". Mwaka 1962 The Beach Boys walitoa "Surfin' Safari", iliyofika nafasi ya 14 katika orodha ya Billboard. Hivyo vijana wa Glendora walipokuwa wakitafuta jina, neno lilikuwa tayari linavuma hewani.

Naomba tulipime tukio hili kwa makini. Watelezaji walichukua kutoka kwa mwindaji wazo la kusaka, lakini wakatupa bunduki, wakatupa wanyama, wakaitupa na Afrika yenyewe. Kilichobaki ni nini? Ni mwendo wa kutoka nyumbani kwenda mbali kwa ajili ya kitu. Yaani bila kujua walilirudisha neno karibu na maana yake ya Kiswahili kuliko walivyofanya wasomi na wawindaji waliowatangulia. Tukumbuke pia kwamba Glendora si mji wa pwani. Upo mashariki ya Los Angeles, chini ya milima ya San Gabriel. Kijana wa mji ule aliyetaka kuyaona mawimbi alilazimika kufunga mizigo na kusafiri. Ile ilikuwa safari kwa Kiswahili sanifu kabisa.

5. Njia nyingine kwenda ufukwe huohuo

Ili kuonesha kwamba umbo la neno hutunza kumbukumbu ya njia liliyopita, nitaje mfano mmoja wa jirani. Mpiga gitaa Dick Dale, anayehesabiwa kuwa baba wa muziki huo, alikuwa na baba wa asili ya Lebanoni, na ala za Kiarabu, hasa udi, alizisikia kwa mjomba wake tangu utotoni. Mwaka 1962 alirekodi kwa gitaa la umeme wimbo wa zamani wa mashariki ya Mediterania uitwao "Misirlou".

Jina hilo lina asili ya Kiarabu kama safari, lakini limepita barabara nyingine. Mzizi ni Misr, jina la nchi ya Misri. Kiarabu kinaruhusu konsonanti mbili kufuatana mwishoni. Kiswahili hakiruhusu, hivyo kimetia i mwishoni tukapata Misri. Kituruki nacho kililiona tatizo hilohilo, lakini kikatia irabu katikati, likawa Mısır. Kisha kikaongeza kiambishi -lı chenye maana ya "mtu wa", na Kigiriki kikamalizia kwa -ou ya kike. Jumla yake ni "mwanamke wa Misri".

Kwa hiyo katika fukwe zilezile, mwaka uleule, yalikuwapo maneno mawili ya Kiarabu. Moja lilipitia Istanbul na Ugiriki, jingine lilipitia Zanzibar na Ujiji. Hakuna mchezaji dansi aliyejali. Lakini mwanaisimu akiyatazama maumbo anaweza kuyasoma kama mihuri ya pasipoti. Wapenzi wa taarabu walioko hapa nao wataona kwamba udi uliomlea Dick Dale ni ndugu wa udi unaopigwa Unguja tangu enzi za masultani.

6. Jalada na kilichomo

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mhadhara huu.

Kampuni ya Dot ilipouona mafanikio ya "Wipe Out", ilitoa albamu nzima mwaka 1963 kwa jina la The Surfaris. Mnunuzi alinunua jalada lenye jina hilo. Lakini ndani yake, nyimbo mbili tu, "Wipe Out" na "Surfer Joe", ndizo zilizopigwa na vijana wa Glendora. Nyingine zilipigwa na kundi jingine lililoitwa The Challengers. Jina lilikuwa lao, muziki ulikuwa wa watu wengine.

Hayo si yote. Huko huko kusini mwa California palikuwa na kundi la pili lililojiita The Surfaris. Yakazuka mabishano juu ya nani mwenye jina, na kundi hilo likaja kujulikana kama The Original Surfaris, yaani Surfaris wa asili. Fikirini hali hiyo: makundi mawili ya vijana yanagombea umiliki wa jina ambalo theluthi mbili za silabi zake zimetoka kwa wapagazi wa Unyamwezi na mabaharia wa pwani, nao walilipata kwa Waarabu. Kila mmoja anasema "ni letu", na kila mmoja ana haki kwa kiasi fulani.

Nilipokuwa mhadhiri kijana nilikuwa mkali sana katika jambo hili. Nilisimama mbele ya wanafunzi nikisema kwamba neno safari "limeibwa". Siku moja mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti kutoka Pemba, aliinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, na sisi tuliwaiba Waarabu?" Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Nilihitaji miaka kadhaa kulipata, na wale vijana wa Glendora ndio walionisaidia.

Jibu lenyewe ni hili. Neno ni jalada na kilichomo, ni umbo na maana. Kukopa umbo si wizi. Kwa kweli lugha isiyokopesha imekwisha kuondoka sokoni. Kasoro hutokea pale jalada linapouzwa kwa jina la mtu huku kilichomo ni cha mwingine, na mnunuzi haambiwi. Msomaji wa Kiingereza anapoambiwa kwamba safari ni neno la Kiswahili lenye maana ya kwenda kutazama wanyama, ameuziwa albamu ya Dot. Jalada ni letu, lakini nyimbo zilizo ndani zimepigwa na wawindaji na wapiga sinema. Tunalopaswa kudai ni hesabu sahihi: nani alipiga nini, na lini.

Deni hilo hilo nasi tunalo. Kamusi zetu zinapoandika kwamba neno fulani ni la Kiarabu na kuishia hapo, bila kueleza maana ya asili wala kazi tuliyoifanya juu yake, tunawapunja wote wawili, aliyekopesha na aliyekopa.

7. Marejeo ni ngamani

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Neno nalo hurudi. Tatizo ni kwamba halirudi lilivyoondoka.

Miaka michache iliyopita nilikuwa stendi ya mabasi Arusha, nikingoja basi la kwenda Dodoma. Kando yangu alikaa kijana mwongoza watalii, akaniamkia kwa adabu. Nikamwambia kwamba nina safari ndefu leo. Akaniuliza: "Una wageni wangapi, mzee?" Nikamwambia sina mgeni hata mmoja, narudi kwangu. "Aa," akasema, "kumbe unasafiri tu."

Unasafiri tu. Katika Kiswahili cha kijana yule, kitenzi kimebaki na maana pana ya zamani, lakini nomino imechukua maana finyu iliyorudi kutoka ng'ambo. Safari ni ile yenye gari la wazi juu, darubini na wageni. Mwendo wa mzee kwenda Dodoma si safari. Kijana yule hakukosea lugha, alizungumza lugha ya kazi yake, na mwanaisimu hana ruhusa ya kumcheka. Lakini ilinipasa kutambua kwamba kilichomo ndani ya albamu ya watu kimeanza kupigwa nyumbani kwetu, chini ya jalada letu.

Je, maana finyu itaimeza ile pana? Sidhani itakuwa hivyo karibuni. Bado tunatakiana safari njema, bado tunasema safari hii, na mtoto bado huagwa kwa safari aendapo bweni. Hata hivyo maana haijilindi yenyewe. Hulindwa na matumizi, na matumizi ya kesho yanatengenezwa katika vitabu na madarasa ya leo.

Niongeze jambo moja la kufurahisha. Nusu ya kwanza ya jina la The Surfaris nayo imetufikia. Kiingereza kilipoanza kutumia kitenzi cha kuteleza juu ya mawimbi kwa maana ya kupitia kurasa za intaneti, Kiswahili kilihitaji neno. Hatukutafsiri mawimbi wala ubao. Tulichukua kuvinjari, neno la baharini lenye maana ya chombo kuzungukazunguka kikifanya doria. Mmarekani katika intaneti anateleza juu ya wimbi, Mswahili anazunguka na chombo akiangalia. Bahari ni moja, lakini kila lugha imeingia na chombo chake.

8. Hitimisho

Tumelifuata neno moja kutoka safar ya Waarabu hadi safari ya Waswahili, kutoka kwa wapagazi wa mwaka 1857 hadi kwa Burton, kutoka kwa Roosevelt hadi kwa wateleza mawimbi, kisha ndani ya jina la kundi lililong'aa mwaka 1963 na kuzimika kufikia 1966. Umbo limedumu katika vituo vyote. Maana imebadilika karibu katika kila kituo. Na mara moja, kwa bahati tu, vijana wasioijua lugha yetu waliikaribia maana yetu kuliko walioandika vitabu juu yake.

Wanafunzi wetu mnaotafuta mada za tasnifu, hapa pana kazi. Tunazo orodha ndefu za maneno tuliyokopa. Hatuna orodha ya kuridhisha ya maneno tuliyokopesha, yenye mwaka, njia na mabadiliko ya maana ya kila moja. Msiiandike kwa hasira wala kwa majivuno. Iandikeni kama nahodha anavyoandika kumbukumbu za chombo: bandari gani, tarehe gani, mzigo gani ulipakiwa na upi ulishushwa.

Mama yule aliyenialika chakula alinitumia barua baada ya mimi kurejea nyumbani. Mwishoni alinitakia heri kwa neno moja la Kiswahili alilokuwa na hakika nalo, akaliandika bila alama za kulitenga na Kiingereza kilichotangulia. Nadhani wote mnalijua. Niliipokea barua ile kama mtu anayepokea ndugu aliyetoka mbali, aliyebadilika kidogo usoni, lakini sauti yake bado inatambulika mlangoni.